Motere Kulia Haitoshi: Kusoma «Éloge du carburateur» Mbele ya Vilibrekeni



Kuko kitabu kimoja kinachotembea sana katika telefone zetu. Mtu anakutumia PDF usiku, anaongeza neno moja tu: «Soma.» Ni Éloge du carburateur, cha Mmarekani Matthew Crawford. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 2009, kwa Kifaransa mwaka 2010. Mimi nimekitumiwa mara tatu, na mara zote tatu ni mtu mwenye diploma asiye na kazi alinitumia.

Sababu yake inaeleweka. Crawford alisoma fizikia, kisha akafika mpaka daktari wa falsafa ya siasa kule Chicago. Alipata kazi ya ofisi Washington, yenye mshahara mzuri, akaiacha kisha miezi michache. Akafungua garaji ya kutengeneza pikipiki za zamani katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Anaeleza pia kazi ingine aliyofanya mbele ya pale: kufupisha makala za kisayansi, 15 kwa siku, kisha wakapandisha mpaka 28. Kwa mwendo ule hata kuelewa ile anayoandika hakukuwa nafasi. Kitabu chote kinasema kwamba kazi ya mkono iko na akili ndani yake, na kwamba shule ilitudanganya ilipotenganisha kichwa na mkono.

Kwa sisi wenye licence imefungwa katika farde juu ya kabati ya mama, maneno kama yale ni habari njema. Niliyasoma na furaha. Hata leo nasema kitabu ni kizuri. Lakini kuko nguzo moja kubwa ndani yake ambayo mimi sikubali, na sababu yangu sikuitoa katika kitabu kingine. Niliitoa katika vilibrekeni ya pikipiki moja ya kizamani.

Nguzo yenyewe ni hii. Crawford anaona kwamba mtu wa ofisi anaishi kwa maneno: ripoti, mkutano, sifa ya mkubwa wake. Hakuna anayejua kweli kama alifanya kazi vizuri ao vibaya. Lakini fundi hana haja ya kujitetea. Anabonyeza kitufe, taa inawaka. Anapiga kiki, motere inalia. Kazi yenyewe inamtolea ushuhuda. Niliposoma pale nilipigia mstari. Kisha nikaamini. Na kuamini kule kulinigharimu, si mimi peke yangu.

Pikipiki ni Yamaha AG 100. Wenye kutoka vijijini munaijua: motere ndogo ya mapigo mawili, isiyofika sentimita 100 za ujazo, kibebeo mbele na kibebeo nyuma, mnyororo umefunikwa wote juu ya matope. Hizo herufi AG zinasema kilimo. Baba mdogo wangu alikuwa moniteri wa kilimo, njo aliyoitembeza miaka na miaka. Alipofariki, ilibaki chini ya bashi nyuma ya nyumba. Nilipomaliza licence katika agronomia na kazi haikuonekana, nilianza kufuatana na kikundi cha wamama wanaolima maharage upande wa Mugogo, katika Walungu. Nilikuwa nawatafutia mbegu Bukavu na kuwapelekea. Bila pikipiki hiyo kazi haiwezekani.

Motere ilikuwa na kelele ya ko-ko-ko chini. Bieli ilikuwa imelegea pale inaposhikana na vilibrekeni. Wamama wakakubali tuchukue franga za transport za msimu, tuziweke katika kutengeneza, kwa sababu pikipiki ingezirudisha. Nikaenda garaji moja mjini. Wakafungua motere, wakabadilisha bieli na pistoni, wakafunga. Mimi nilikuwa paka pale kwenye benchi, telefone mkononi. Nilisikia nyundo inapiga chuma juu ya chuma, pa, pa, pa, na sikuinua hata kichwa.

Kiki ya tatu, motere ikalia. Sauti safi, bila ko-ko-ko. Nililipa dola 65, nikachukua video, nikaandika chini yake «travail bien fait». Nikampigia mama président wa kikundi: «Mama, motere iko bien, mbegu zinakuja.» Munaona? Nilikuwa nimefuata Crawford neno kwa neno. Taa iliwaka.

Iliwaka wiki tatu. Kwanza nilisikia kutetemeka katika mahali pa kuweka miguu. Kisha ralanti ikaanza kupanda yenyewe, nikafikiri ni kabiratere, nikaipunguza na bisibisi. Halafu siku moja katikati ya mwezi wa tisa, kwenye mlima, na kilo 40 za mbegu nyuma, gurudumu la nyuma likashikana ghafla. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza.

Mbegu zingine zilikuwa zimebaki depo Bukavu, na franga za transport zilikuwa zimekwisha ndani ya ile motere. Tulitafuta gari ya kuomba. Mbegu zilifika siku 12 kisha wenzao wa jirani kupanda. Mwenye kusoma agronomia anajua: maharage yaliyochelewa kupandwa, njo nzi wa maharage anayapendelea. Mama président alipoona magunia alisema tu: «Mwana yangu, mvua haingojaka.» Hakunikaripia. Hiyo njo ilinichoma zaidi.

Sasa tuingie ndani ya motere, kwa sababu bila kuelewa ile chuma hatuwezi kupima kile kitabu.

Vilibrekeni ya motere kama hii haiko kipande kimoja. Ni magurudumu mawili mazito ya chuma, kila moja na mhimili wake unaotoka nje, yanaunganishwa na pini moja iliyoingizwa kwa nguvu ya presi. Bieli inazunguka juu ya ile pini. Ukitaka kubadilisha bieli, lazima uyatenganishe yale magurudumu, kisha uyakaze tena. Na hapo njo hatari inazaliwa: ukiyakaza tena, hakuna kinacholazimisha mihimili miwili ibaki katika mstari mmoja. Gurudumu moja linaweza kuwa limejisokota kidogo kuhusu lenzake. Ao yote mawili yanaweza kuwa yamebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Kwa jicho hutaona kitu.

Kipimo kinachokuja mara nyingi katika vitabu vya ufundi vya Yamaha ndogo ni 0.03 mm. Karatasi ya kawaida ya fotokopi iko na unene karibu 0.1 mm. Igawe mara tatu: mhimili hauna ruhusa ya kupepesuka zaidi ya pale. Motere ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko ile kasoro inapiga rulema na kusukuma mpira wa kuzibia, ule tunaita spi.

Na katika mapigo mawili, spi si kitu cha kuzuia tu uchafu. Chumba cha vilibrekeni ni pampu: kinavuta hewa na esansi, kinasukuma juu kwa silinda. Spi ikiliwa na mhimili unaopepesuka, hewa ya nje inaingia pembeni, bila kupita katika kabiratere. Mchanganyiko unakuwa na hewa mingi na esansi kidogo. Njo sababu ralanti ilipanda yenyewe. Pistoni inapata joto kupita kiasi, inavimba, inaganda. Mimi nilikuwa nageuza bisibisi ya kabiratere, kumbe ugonjwa uko chini, mahali pasipoonekana.

Mara ya pili nilienda kwa mzee mmoja ambaye kitambo alifanya kazi katika atelie ya kiwanda cha sukari cha Kiliba. Alipotoa vilibrekeni alinionyesha ncha ya mhimili: ilikuwa imepondeka kama kichwa cha msumari. «Papa, hii ni nini?» nikauliza. Akajibu: «Ni nyundo. Waliingiza kwa kupiga. Hata kama walikuwa wameipanga vizuri, ile nyundo iliharibu tena.»

Alibadilisha vilivyokufa, akakaza vilibrekeni kwa presi. Kisha tukaenda kwa jirani mwenye mashine ya kukereza chuma. Akaishika kati ya ncha mbili za ile mashine, akaweka komparatere, saa ndogo yenye sindano inayosoma sehemu za mia za milimita, juu ya mhimili, karibu na gurudumu. Akazungusha kwa vidole, polepole. Sindano ikatembea. «Andika,» akaniambia. Nikaandika: kuume 0.14, kushoto 0.09.

Akanifundisha kusoma. Kama pande zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, magurudumu yamebanana ao yameachana: unayafungua na kabari ao unayabana katika etau. Kama upande mmoja unapanda wakati mwingine unashuka, yamejisokota: unapiga ukingo wa gurudumu moja na nyundo ya shaba, mahali palipotiwa chaki, pigo moja, kisha unapima tena. Pigo moja, unapima. Hakupiga hata mara moja mapigo mawili bila kupima katikati. Daftari yangu inasema hivi upande wa kuume: 0.14, 0.10, 0.11, 0.07, 0.05, 0.05, 0.03, 0.02. Ile 0.11 alipiga nguvu zaidi ya lazima, akarudi nyuma. Ilichukua saa mbili na nusu. Kushoto ilibaki 0.02 pia. Niliona kwamba ile jedwali ilifanana na majedwali ya TFC yangu, tofauti ni kwamba hii hakuna profesa angeiomba.

Kuingiza katika karteri kulikuwa somo lingine. Aliweka nusu ya karteri juu ya mbabula, bati katikati ili moto usiiguse. Alidondosha tone la maji: lilipochemka mara moja na kukauka, akasema imetosha. Aluminiamu ikipata joto inapanuka kuliko chuma. Rulema iliingia yenyewe, tok, bila kuguswa na nyundo. Kisha vilibrekeni ikavutwa ndani na kipande cha bomba na nati, mzunguko kwa mzunguko. Kuvuta, hapana kupiga. Ukipiga ncha ya mhimili, nguvu inapita katika pini na kuharibu kile ulichopima saa mbili na nusu.

Tulipofunga nusu mbili za karteri, vilibrekeni ilizunguka kwa uzito. Nikaogopa. Mzee akachukua nyundo ya plastiki, akagonga ncha moja kidogo sana, kisha ingine. Ikazunguka laini. Alieleza kwamba rulema zilikuwa zimebanwa kutoka pembeni, na ile kugonga ni kuiacha vilibrekeni ijitafutie katikati yake. Mwishoni akaangalia kama bieli iko katikati ya silinda, nafasi sawa pande zote mbili. Ilikuwa sawa.

Motere ikalia kiki ya pili. Na hapa njo nataka musikie vizuri: sauti ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza. Nina video zote mbili. Nimezisikiliza mara nyingi, na sitambui tofauti. Moja ni motere itakayokufa kisha wiki tatu. Ingine inatembea mpaka leo, mwaka wa pili.

Tukirudi kwa kitabu, njo pale Crawford ananiangusha. Anasema kazi ya fundi inajitolea ushuhuda. Kwa taa, sawa. Kwa kabiratere, sawa kabisa: ukiipanga vibaya, pikipiki inakuambia saa ile ile, na unarudi kugeuza bisibisi. Kabiratere inasamehe, na inasema mapema. Pengine si bure kwa Kifaransa njo iliwekwa kuwa kichwa cha kitabu. Lakini vilibrekeni inanyamaza. Fundi aliyefanya vibaya na fundi aliyefanya vizuri wanasimama mbele ya mteja na ushuhuda mmoja: motere inalia. Wote wawili wanalipwa. Kama kipimo cha kazi ni kile kinachoonekana siku ya kulipa, basi garaji ile ya kwanza ilifaulu, na mimi na video yangu tulikuwa mashahidi wake.

Lazima niwe wa haki. Crawford si mtu wa juu juu. Anarudi kwa Robert Pirsig na wale mafundi wa radio kubwa na nyundo, wasiokuwa na moyo katika kazi. Anaeleza pia pikipiki moja ya Honda ambamo alipoteza saa mingi akifuata kasoro ndogo ya mpira wa mafuta, kisha akajiuliza ni saa ngapi ana haki ya kumlipisha mteja. Pale alikuwa amefika mlangoni pa shida yenyewe: iko kazi ambayo mteja hawezi kuiona, na fundi peke yake anajua. Lakini anaigeuza kuwa shida ya pupa yake ya kutaka kujua, na shida ya bei. Haulizi lile ulizo la kinyume: mteja afanye nini mbele ya fundi asiyefuata kasoro, na motere inalia?

Jibu la mzee wangu lilikuwa sindano na daftari. Kwa Crawford, adui mara nyingi ni ofisi yenye kupima kila kitu, na mkono wa fundi njo unatukomboa. Nakubali kwamba kuhesabu makala 28 kwa siku ni upumbavu. Lakini kwa vilibrekeni, mkono bila kipimo ni ile pa, pa, pa niliyosikia kwenye benchi. Mkono wa mzee ulikuwa mzuri kwa sababu ulikubali kusahihishwa na sindano kila pigo. Uhuru wa fundi, niliouona kwa macho yangu, ni kukubali kwamba 0.11 ni 0.11 hata kama umechoka na mteja ana haraka.

Tena kuko jambo ambalo haliko kosa lake, lakini linabadilisha namna yetu ya kumsoma. Yeye aliacha ofisi. Wengi wa mafundi wetu hawakuacha kitu. Wanafanya bila kitabu cha ufundi, bila komparatere, na vipande vya soko ambavyo hakuna anayejua vimetoka wapi. Yule kijana aliyepiga nyundo hakuwa mtu mubaya. Hakuna siku mtu alimuonyesha sindano. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya chuo kikuu, najua maana ya kupima, na nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake, sikuuliza hata: «Umeipima?»

Na katika fani yangu tunajua hayo vizuri sana. Hatuangalii mbegu kwa jicho na kusema ni nzima. Jaribio la kuota linachukua mbegu 400, katika vikundi, kisha unahesabu. Na hata shamba likiota vizuri, maharage yanaweza kuoza mizizi wiki zinazofuata, majani yangali kijani. Nilijua hayo kwa maharage. Kwa chuma nikajifanya mtu wa kawaida, kwa sababu kitabu kilikuwa kimeniambia kwamba chuma haidanganyi.

Basi, kwa wale wanaosoma kitabu hiki kama ruhusa ya kutupa diploma: someni, lakini polepole. Kazi ya mkono iko na heshima, na mimi naifanya sasa siku mbili kwa wiki kwa yule mzee, nikishika daftari na, siku zingine, nyundo ya shaba. Lakini heshima yake haitoki katika kuonekana. Iko katika ile sehemu iliyofungwa ndani ya karteri, ambayo hakuna atakayeifungua mpaka iharibike. Kama kuna kitu tulipata chuoni chenye mafundi wanaweza kutudai, ni tabia ya kuuliza kipimo na kukiandika.

Msimu uliofuata nilipeleka mbegu siku nne mbele ya mvua. Mama président aliuliza kama motere iko bien. Sikumjibu «inalia». Nilimtolea daftari nikamuonyesha mstari wa mwisho, 0.02. Alicheka, akasema yeye hasomi mambo ya chuma. Kisha akauliza: «Na zile mbegu, ulizihesabu vilevile?»

Nilikuwa nimezihesabu. Ninawaachia lile ulizo lake.